Mkalimani Aliyeamua Kwamba Mke Alilia

Saa mbili na robo asubuhi, chumba namba tatu cha kliniki ya macho. Daktari ameketi upande mmoja wa meza, mgonjwa upande wa pili. Nyuma ya daktari kidogo, mahali ambapo mgonjwa anamwona bila kugeuza shingo, amesimama mwanamke mwenye blauzi nyeusi isiyo na ua wala kifungo kinachong'aa.

Mgonjwa ni mzee fundi baiskeli, kiziwi tangu kuzaliwa. Jicho lake la kushoto limeingia ukungu. Anauliza kwa mikono.

"Je, nitaona tena?" mwanamke anamtolea sauti.

"Huenda," anajibu daktari. "Tufanye upasuaji kwanza, halafu tuone."

Mikono ya mwanamke inasema huenda. Mzee haridhiki. Anaegemea mbele, anamwacha daktari na kumkazia macho mkalimani, kisha anauliza tena kwa alama ndogondogo za usawa wa magoti, kama mtu anayenong'ona.

"Anasema: binti yangu, wewe umeisikia sauti ya daktari, niambie ukweli," mwanamke anamweleza daktari bila kutikisa kope.

Daktari anacheka. "Mwambie ukweli wenyewe ndiyo huo. Huenda."

Huenda, mikono inarudia. Mzee anashusha pumzi, anachukua kofia yake.

"Kazi iko hapo," anasema mwanamke akiwa nje ya mlango, akijinyoosha vidole kimoja kimoja. "Ningeweza kumpa matumaini kwa uso tu. Nikipandisha nyusi kidogo, huenda inakuwa ndiyo. Nikizishusha, inakuwa hapana. Yeye angeondoka na furaha yake, na mimi ningekuwa mwongo."

Viziwi wa mji huu hawamwiti kwa jina lililo kwenye cheti chake. Wana jina walilompa wenyewe: ncha ya kidole cha shahada inapita juu ya jicho, kutoka ndani kwenda nje. Kwa mdomo tungesema Nyusi, na ndivyo tutakavyomwita hapa. Ana miaka arobaini na mmoja. Miaka kumi na minne kati ya hiyo amekuwa mkalimani wa lugha ya alama, hospitalini, mahakamani, kwenye usaili wa kazi, na mara mbili kwenye mazishi.

Lakini watu wanaomsimamisha njiani siku hizi hawaulizi habari za hospitali. Wanataka kujua yuko upande gani: wa waliosema alilia, au wa waliosema alicheka.

Yote yalianza na filamu.

Inaitwa *Nani Abaki na Meza*. Ilipigwa kwa siku kumi na moja ndani ya nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, kwa kamera moja ya kuazima na waigizaji wawili tu. Mwongozaji wake ni mwalimu wa sekondari aliyeifanya wakati wa likizo. Nyumba ni ya shangazi yake, vyombo pia ni vya shangazi yake, na sufuria moja ilirudi na tundu.

Mume na mke wameamua kuachana. Jumapili moja wanagawana vitu vya ndani, na katika kugawana wanazungumza. Basi. Kwa dakika themanini na tatu hakuna anayepigwa kofi, hakuna gari linalopita, hakuna muziki, na mtu wa tatu haingii.

"Mtu akiniuliza filamu inahusu nini, namwambia inahusu sufuria," anasema mwongozaji. "Wengine wanageuza hapo hapo, na hakuna aliyepotezewa muda."

Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa maktaba, Jumamosi saa tisa alasiri. Chama cha viziwi kilikuwa kimeomba kwa miaka miwili, barua saba, kiwekewe mkalimani kwenye maonyesho ya pale. Barua ya nane ikajibiwa. Siku hiyo wakaja viziwi arobaini na mmoja, wakakaa mbele upande wa kulia, na Nyusi akasimama pembeni mwa kiwambo chini ya taa ndogo ya mezani iliyofungwa kwenye kiti kwa kamba.

Kwa mkalimani, filamu ya maneno ni shughuli pevu. "Filamu ya mapigano naweza kuifanya huku nakunywa chai," anasema. "Mmoja anasema toka, mwingine anasema sitoki, halafu dakika kumi ni ngumi, na ngumi wanaziona wenyewe. Hii haikuwa na pa kuvuta pumzi."

Mume alikuwa bega lake la kulia, mke bega la kushoto. Kila mmoja alipozungumza, Nyusi aligeuka na kuwa yeye. Kwa kawaida wakalimani hupokezana kila dakika ishirini, lakini mwenzake alikuwa amejifungua juzi yake. Akabaki peke yake.

"Mtu asije akasema kosa lilitokana na uchovu," anasema. "Kuchoka nilichoka, mabega yaliwaka moto. Lakini kosa halikutoka mabegani."

Dakika ya kumi na nane mtazamaji wa kwanza akasimama. Mume na mke walikuwa bado kwenye vijiko.

"Yaani nimeacha shughuli zangu nije kuangalia watu wanahesabu vijiko?" alimwuliza jirani yake, kwa sauti iliyofika kila kona. Nyusi akaitafsiri hiyo nayo, maana kwake sheria ni kwamba kinachosikika ukumbini kinawahusu wote. Viziwi wakacheka kwa nguvu. Yule bwana akadhani anachekwa yeye, akatoka amenuna. Na kweli alikuwa anachekwa yeye.

Kufikia dakika ya hamsini walikuwa wameondoka thelathini na sita. Mwongozaji aliwahesabu. Alisimama mlangoni akimshukuru kila anayetoka, mpaka mmoja akaona haya akarudi kukaa. Waliobaki walikuwa wamesogea mbele kwenye viti vyao, viwiko magotini, kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukuta.

Ikaja dakika ya sitini na moja.

Vyombo vyote vimekwisha kugawanywa, imebaki meza. Waliinunua mwezi wa kwanza wa ndoa na kuibeba kwa miguu toka sokoni, mke mbele, mume nyuma, wakibishana njia nzima nani hajui kukata kona. Sasa mume ameishiwa maneno. Anasema: "Basi tuikate. Wewe chukua miguu ya mbele, ndiyo uliyoizoea."

Mke anamtazama, anaingia chumbani, anafunga mlango. Kamera inabaki na mume. Kutoka nyuma ya mlango inakuja sauti ya mke, sekunde ishirini. Kisha mlango unafunguka, mke ameshanawa uso, anasema meza ibaki na mume. Dakika ishirini baadaye, mwisho wa filamu, wanaishika wote wawili, mmoja huku mmoja kule, na picha inazimika kabla hatujajua kama wanaitoa nje au wanairudisha mahali pake.

Je, nyuma ya mlango alikuwa analia au anacheka? Filamu haisemi. Anayesema alicheka ametoka ukumbini akiamini ndoa ile imepona. Anayesema alilia ametoka akiamini imekufa. Ni filamu mbili ndani ya moja, na anayechagua ni sikio la mtazamaji.

Nyusi alikuwa ameitazama nyumbani mara nne kwenye simu ili kujiandaa. "Sikuwa na wasiwasi nayo hata kidogo," anasema. "Tangu mara ya kwanza nilijua analia. Nilijua kabla sijamaliza kusikia. Hapo ndipo nilipopaswa kujistukia."

Sekunde zile zilipofika akatanguliza bega la kushoto, akashusha nyusi, vidole viwili vikateremka mashavuni. Analia. Akaiacha alama ile ikae mpaka mlango ulipofunguka. Mbele yake viziwi kadhaa wakafuta macho.

Taa zilipowashwa watu walimiminika kwenye korido, na hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Yule mama kamcheka jamaa!" alisema dereva wa teksi mwenye kitambi, aliyekuja na mkewe. "Kamcheka mpaka kakosa pumzi. Eti miguu ya mbele! Hata ningekuwa mimi ningecheka."

"Alilia," mkewe akamkata. "Wewe kilio cha mwanamke utakijulia wapi? Miaka ishirini na miwili hujawahi kukitambua."

"Nitakitambuaje na wewe unajifungia?"

Watu wakaangua kicheko, wakagawanyika hapo hapo, wa huku na wa kule. Muuguzi mstaafu akaapa kwamba amesikia vilio arobaini na tano vya kila namna na kile si kimojawapo. Bwana mmoja akajibu kwamba wagonjwa wa sindano na mke anayeachwa ni vitu tofauti.

Viziwi walikuwa wamesimama kando, wakiongea yao. Mmoja wao, seremala mrefu mwenye vumbi la mbao lisilotoka kwenye kucha, akamgusa Nyusi begani. Ni kaka yake, ndugu yake wa damu, amemzidi miaka minne.

Wanagombania nini wale? akauliza.

"Niligeuka kuwatazama," anasema Nyusi. "Ningeweza kumwambia wanagombania teksi. Wallahi lilinijia hilo wazo. Lakini nikishakuwa na blauzi nyeusi, kinachosemwa ndicho ninachosema."

Akainua mikono, akatafsiri ugomvi kama ulivyo: huyu anasema mke alicheka, mkewe anasema alilia, na wengine wamegawanyika.

Mikono ya wote waliokuwa wanaongea ikasimama hewani.

"Nani kasema alicheka?" kaka akauliza. "Wewe umesema alilia."

"Nilisema alilia."

"Ulisikia kilio?"

"Nilisikia sauti."

"Sauti ya kilio?"

"Sauti."

 Kaka alichukua mfuko wake akaondoka, na wengine wakamfuata. Barua nane, miaka miwili, na siku ya kwanza kabisa ya kukaa ukumbini kama watu wengine, kumbe walikuwa wameangalia filamu iliyokwisha kuamuliwa.

Maneno ya kaka katika habari hii yametafsiriwa na mkalimani mwenza wa Nyusi, yule aliyejifungua, ambaye alifanya kazi hiyo mtoto akiwa amelala mgongoni. Kaka mwenyewe ndiye aliyetoa sharti. "Dada yangu asinitafsirie habari inayomhusu," alisema. "Atajipunguzia lawama."

Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu akiwa na miaka minne, mwaka ule ule Nyusi alipozaliwa. Mama yao, aliyekuwa mfuaji wa nguo hotelini, alizoea kutania kwamba mtoto wa kike alilia sana mpaka masikio ya kaka yake yakaona bora yajifunge. Nyusi alijifunza alama kwa kaka kabla ya kujua kusoma. Akaenda naye dukani, kinyozi, kwa fundi, akiwa ndiye mdomo wake na sikio lake.

"Na alinidanganya mwaka mzima," anasema kaka. "Alikuwa na miaka minane. Kila kazi ya ndani ananiambia mama amekutuma wewe. Maji mimi, kuni mimi, ufagio mimi. Nikasema mama huyu ananipenda kweli, haniachi hata dakika moja."

Alipogundua, alimnunia mwezi mmoja. Kiziwi akinuna hafungi mdomo. Alikalia mikono yake. Kila Nyusi alipomjia, kaka alikaa, akaisukuma mikono chini ya mapaja na kumtazama tu.

"Siku ya filamu alipoinua uso kunijibu," anasema, "nikamwona mtoto wa miaka minane."

Jumanne iliyofuata kamati ya chama ilikutana kwenye chumba chao nyuma ya duka la kunakili karatasi. Mwenyekiti ni mama fundi cherehani, na ajenda ilikuwa moja. Chama kina orodha ya wakalimani watano kinaowaamini. Kliniki, mahakama na ofisi nyingi huita kutoka humo. Kuondolewa jina ni kufungiwa kazi, na Nyusi ana binti aliye sekondari anayemlea peke yake tangu alipoachana na mumewe miaka sita iliyopita.

Si wote waliomlaumu. Bibi mmoja, mpika chai wa chama, alimtetea kwa namna yake. "Mimi niliona kalia, nikamlilia. Nikafurahi. Sasa mnaniambia huenda alikuwa anacheka. Machozi yangu nani atanirudishia?"

Lakini wengi waliona jambo lenyewe ni kubwa kuliko filamu. "Leo ni sinema," mwenyekiti alisema. "Kesho ni hakimu. Hakimu akiguna, mkalimani atatuambia amekasirika au amekohoa?"

Kaka yake akaomba nafasi. Watu walidhani atamkingia kifua mdogo wake.

"Najua kwa nini alisema alilia," alisema. "Miaka sita iliyopita nilikwenda na mkokoteni kumchukulia vitu vyake kwa shemeji. Waligawana Jumapili, kama wale. Aliingia bafuni, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Ndugu zangu, huyu hakututafsiria filamu. Ametutafsiria talaka yake."

Nyusi alikuwa amekaa pale pale. "Niliona aibu, halafu nikaona unafuu," anasema. "Maana ilikuwa kweli, na mimi mwenyewe sikuwa nimeiona. Mimi bafuni sikucheka, ndugu yangu. Kwa hiyo na yule mama sikumpa ruhusa ya kucheka."

Mwongozaji aliitwa, akaombwa aseme basi ni lipi, mambo yaishe. Akasema hajui. Alimwambia mwigizaji aingie chumbani afanye atakavyo, na hakumwuliza baadaye.

"Wewe si ndiye mwenye filamu?" mwenyekiti akashangaa.

"Ndiyo."

"Na hujui?"

"Nikijua nitawaambia watu, na watu wakiambiwa hawatagombana."

Aliyasema haya akiwa na tabasamu mpaka masikioni, akisikia raha kwamba filamu yake imevunja nyumba za watu. Kamati haikutabasamu. Ikaamua: filamu itarudiwa baada ya wiki tatu, na Nyusi ataitafsiri tena mbele ya watu wale wale. Kabla ya hapo atakaa na viziwi watatu wazitafutie sekunde zile ishirini njia. Akishindwa, jina linatoka kwenye orodha.

Wale watatu walikuwa mwenyekiti, bibi wa machozi, na kaka. Walikutana alasiri nne kwenye karakana ya kaka, katikati ya mbao na maranda, simu ya mwongozaji ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la gundi.

Siku ya kwanza Nyusi akaanza kueleza: ni kama mtu anayejaribu kujizuia...

"Acha," kaka akamkatiza. "Usiniambie anafanya nini. Niambie kinachokuja."

"Kinakuja kwa kukatikakatika."

"Mara ngapi?"

Hakuwa amewahi kuhesabu. Akahesabu. Mara saba, kimya kidogo, mara tatu, halafu pumzi moja ndefu.

"Zote nguvu sawa?"

"Hapana. Ya nne ndiyo kubwa."

"Kubwa vipi?"

 Kaka akachukua msumeno, akauweka mkono wa Nyusi juu ya mkono wake, wakakata ubao pamoja. Ubao laini, msumeno ukateleza. Kisha ukafika kwenye fundo la mti, ukashtuka mpaka kwenye kiwiko. Kama hivi? Kama hivyo, Nyusi akasema. Ya nne ni kama hivyo.

Wakajaribu kuitoa kwa mabega. Bibi akasema mabega yakitikisika hivyo ni kicheko. Wakajaribu kwa kichwa kuinama. Mwenyekiti akasema hicho ni kilio. Mwishowe wakabaki na kiganja kimoja tu, bapa, mbele ya kifua, kikisukuma hewa kwa mapigo: saba, kikatulia, tatu, kisha kikashuka polepole. Kando yake, alama moja tu: nyuma ya mlango, sauti.

Kilichobaki kilikuwa uso, na uso ndio uliomtoa jasho. Katika lugha ya alama uso unasema nusu ya maneno, na jina la mkalimani huyu limetokana na uso wake. Alipofika pigo la nne nyusi zilishuka zenyewe. Mara kumi na moja siku ya kwanza. Mwenyekiti akakata vipande viwili vya utepe wa gundi, akambandika kwenye paji la uso ili ngozi ikisogea tu aisikie.

Nyumbani alifanya mazoezi hivyo hivyo, utepe usoni, huku anamenya viazi. "Mama," binti yake akamwuliza, "unatumwa kama kifurushi cha posta?"

Siku ya marudio ukumbi ulikuwa na watu zaidi ya mara ya kwanza, maana ugomvi ulikuwa umetangaza filamu kuliko tangazo lolote. Viziwi walikuja thelathini na wanane. Dereva wa teksi alirudi na mkewe, akiwa ameleta na shemeji zake wawili wawe mashahidi. Mkalimani mwenza alishika nusu ya kwanza, akampokeza Nyusi dakika ya arobaini. Waliotoka katikati walikuwa ishirini na tisa. "Tunaendelea vizuri," alisema mwongozaji.

Dakika ya sitini na moja mlango ukafungwa.

Kwenye safu ya mbele hakuna aliyemtazama mume. Wote walimtazama Nyusi. Nyuma ya mlango, sauti, akasema. Kisha kiganja kikaanza. Moja, mbili, tatu. Ya nne ikaja kubwa, ikamtikisa mkono mpaka kiwikoni. Uso wake ulikuwa umekufa, kama picha ya kitambulisho. Tano, sita, saba. Kikatulia. Tatu nyingine. Pumzi.

Bibi mpika chai akainua mikono kabla mlango haujafunguka. Analia! akasema. Jirani yake akampiga kibao cha mkono: anacheka huyo, tulia uone. Nyuma yao mtu akasema nyie wote kaeni chini. Safu tatu nzima zikawaka ubishi, mikono huku, mikono kule, na wenye kusikia waliokaa nyuma hawakujua kama kuna linaloendelea.

Kwenye korido mwenyekiti aliitisha kura ya mikono, akahesabu mara mbili. Kumi na tisa, alicheka. Kumi na sita, alilia. Watatu walisema alikuwa anakohoa, na hawakukubali kuhamishwa.

Dereva wa teksi akajipenyeza katikati akiwa na shemeji zake, Nyusi akafanya kazi pande zote mbili. Mwenyekiti, aliyekuwa upande wa kilio, akamwambia dereva: "Mwanamke anayecheka hafungi mlango."

"Wa kwangu hufunga," dereva akajibu. "Anafunga, ndipo anacheka. Namsikia."

"Unasikia nini na wewe unakoroma?" mkewe akauliza, na Nyusi akalitafsiri nalo, na hapo viziwi wa pande zote tatu wakaungana kwa kicheko kimoja.

Aliyekuja kumpa mkono dereva, kumwambia tuko pamoja, alikuwa kaka. Naye alisema alicheka. Alisema ameona pigo la nne, na kwamba kilio hakina fundo la namna ile. Alitaka hata kurudi ndani aweke kiganja kwenye spika ahakikishe, mwenyekiti akamshika shati: "Sasa na wewe umeota masikio?"

Mhudumu wa maktaba aliwasubiri kwa dakika hamsini. Hakuna hata mmoja aliyemgeukia Nyusi kumwuliza jibu.

Kamati iliandika barua fupi Jumanne yake. Jina linabaki. Tangu sasa filamu na michezo ya kuigiza haitatafsiriwa bila viziwi wawili kuketi na mkalimani kabla, na chama kimemwomba Nyusi awafundishe wakalimani wapya watatu wanaoanza mafunzo mwezi ujao. Amekubali. Anasema atawaanzishia somo kwa kosa lake, na atawaambia sababu yake yote, bafu na mkokoteni, asiache kitu.

"Sitaki wafikiri ni suala la kujua alama nyingi," anasema. "Alama nilizijua. Nataka kila mmoja ajue ni mlango gani ukifungwa yeye hawezi kusikia vizuri."

Mwongozaji anaandika filamu nyingine, ya watu watatu safari hii, nao watazungumza tu. Nyusi ameomba apewe maneno mapema na wakalimani wawili. Ameahidiwa maneno.

Na kaka? Jioni ya siku ile ya marudio walitembea pamoja mpaka kituo cha basi, Nyusi akiwa ameshavua blauzi nyeusi na kuvaa gauni lake la kawaida. Kaka akamwuliza: sasa saa za kazi zimekwisha, wewe mwenyewe unasemaje?

"Nikamwambia alilia," anasema Nyusi. "Akaniambia nimekosea. Nikamwambia mimi nimeisikia. Akaniambia na mimi nimeipata, mapigo yote kumi, usinibabaishe. Tukabishana mpaka basi likatuacha."

Jumamosi ijayo filamu inaonyeshwa mji wa pili, mwendo wa saa mbili. Nyusi atakuwa kazini. Kaka ameshakata tiketi na amefunga karakana siku hiyo. Ameambiwa kule wako viziwi zaidi ya sitini, na anataka kufika mapema awapate wa upande wake.